Sahani Yenye Nukta Nyekundu

Asubuhi moja ya mwaka 1996 nilikuwa jikoni kwangu, Mji wa Kale, nikila mahamri kwa mbaazi. Mlango ukagongwa kwa kishindo.

"Mama Riyadh! Naitaka sahani yangu!"

Alikuwa Mahira, jirani yangu wa mlango wa pili.

"Ina mbaazi ndani, mwanangu."

"Mbaazi ni zako. Sahani ni yangu."

Hapa kwetu mtu akipika humpelekea jirani, na sahani hairudi tupu. Ili zisipotee, kila nyumba hutia alama chini ya sahani kwa rangi ya kucha. Alama ya Mahira ni nukta nyekundu. Akikupenda, atakuletea sambusa mpaka useme basi. Ukimuudhi kidogo tu, umekuwa adui, na sahani aitaka saa hiyo hiyo. Jana nilikuwa mama yake wa pili. Leo nilikuwa nimepita chini ya dirisha lake bila kumsalimu.

Mumewe, Gharib fundi cherehani, alipata zaidi. Asubuhi aliitwa "moyo wangu". Adhuhuri viatu vyake vilirushwa barabarani. Akienda Marikiti akakawia robo saa, Mahira alilia kuwa ameachwa, na bora afe. Mtaa ulicheka. Na mimi nilicheka, na hilo nalijutia.

Mamake Mahira, Bi Mwanakuu, alisema ni jini. Akaleta mganga. Siku ya kwanza Mahira alimwita "baba" akampelekea biriani. Siku ya tatu alimfuata mpaka kwake Makupa kuidai sahani. Mganga akasema jini huyo hamuwezi.

Kisha, siku moja, Gharib alikawia kazini. Mahira akameza vidonge. Hospitali walimwokoa. Nilimkuta Gharib kwenye benchi analia, mguuni ana kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa bado barabarani. Siku hiyo sikucheka.

Hapo hospitali tulikutana na Dama, muuguzi aliyesomea tiba ya mazungumzo.

"Ni wazimu?" Bi Mwanakuu aliuliza.

"La, mama. Wala si jini, wala si ukaidi. Ni maradhi ya nafsi. Mahira huogopa mno kuachwa. Hofu ikimpanda, hata ampendaye humwona adui. Na huumia kweli."

"Basi mpige sindano."

"Hakuna sindano ya kuyaondoa. Dawa yake ni mazungumzo. Kila Jumatano, saa nne, dakika hamsini. Mwaka mmoja, pengine miwili."

"Mbona mimi nimezungumza naye miaka ishirini na sita?"

"Umezungumza, mama. Mimi nitamsikiliza."

Kisha akamgeukia Gharib. "Akisema yuwataka kufa, usipuuze hata mara moja. Mlete hospitali. Na dawa zote nyumbani zifungie. Lakini akirusha viatu, usimtukane, wala usiombe radhi kwa kosa ambalo hukufanya. Mwambie, 'Naona umeudhika. Naenda kazini, nitarudi saa kumi.' Kisha rudi saa kumi."

"Na robo?" aliuliza Gharib.

"Saa kumi."

Yaliyofuata Mahira mwenyewe alinihadithia. Ameniruhusu niyaandike, kwa sharti niseme kuwa ni mzuri wa sura. Ni mzuri wa sura.

Mwezi wa kwanza Dama alikuwa malaika. Mahira alimpelekea sambusa. Dama akasema, "Ahsante, lakini hapa sipokei zawadi." Mahira akaziacha mlangoni. Bawabu akazila. Jumatano ya tano dakika hamsini zilikwisha Mahira akiwa bado analia, na Dama akamuaga. Basi akawa shetani! Ijumaa Mahira alirudi kuidai sahani.

Dama alimpa, imeoshwa. "Jumatano saa nne nitakuwepo."

"Siji!"

Alikuja, amechelewa dakika ishirini. Dakika zilizobaki alimtukana. Dama alisikiliza, kisha akauliza, "Nilipokuaga, uliogopa nini?"

Mahira aliacha kutukana. "Kuwa hutanitaka tena," akasema.

Hapo tiba ikaanza hasa.

Mwaka ulipotimia, Dama alimwambia mapema kuwa atakwenda likizo mwezi mmoja. Gharib alikosa usingizi. Alikagua kufuli la kabati la dawa mara tatu kwa siku.

Wiki ya pili ya likizo, mlango wangu uligongwa kwa kishindo. Nikazimimina upesi mbaazi zilizokuwa katika sahani yake, nikafungua na sahani mkononi.

Mahira aliitazama. "Nilikuja kuichukua," alisema. "Nimefika hapa mlangoni nimeona ni hofu tu. Sikuchukii, Mama Riyadh. Nipe chai."

Nilimpa chai.

Jumatano Dama aliporudi, Mahira alifika saa nne kamili. "Wiki mbili nilikuchukia," akamwambia.

"Na mbili nyingine?"

"Nilikungoja."

Bado huenda kila Jumatano. Viatu vya Gharib sasa hukaa nyumbani, na Gharib hurudi saa kumi. Ile sahani yenye nukta nyekundu ina miezi minne kabatini kwangu. Mahira hajaidai. Kuirudisha tupu ni aibu, na mimi ni mvivu wa kupika.