Sehemu ya Malkia

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa kicheko. Siku ya Jumatano, baada ya chakula cha mchana, Mutunga alisimama kusoma maneno ya mjumbe anayeleta habari za vita, akayasoma kama mtu anayenadi mbuzi sokoni Masii, na darasa zima la kidato cha tatu likacheka. Mwalimu Ngui alicheka pia. Hakuwa amecheka tangu Machi.

"Mutunga," alisema akijifuta macho, "mjumbe huyu ametembea siku tatu. Hana nguvu ya kuuza chochote."

"Hata bei ikiwa nzuri, mwalimu?"

Wakacheka tena. Kisha wakafika kwenye maneno ya malkia, na darasa likanyamaza kama lilivyoelekezwa.

Tamthilia ilikuwa ya kale, ya malkia anayekataa lango la mji lifungwe mpaka mfalme arudi kutoka vitani. Aliyeanza kuisoma na darasa hilo ni Kamanthe, mke wa Ngui, aliyefundisha Kiingereza katika shule hiyohiyo ya bweni chini ya milima ya Iveti. Kamanthe alikuwa na utaratibu wake. Siku ya kwanza aligawa sehemu, na aliyepewa sehemu aliishika mpaka ukurasa wa mwisho. Mutunga akawa mjumbe. Ndila, msichana mpole wa dawati la mbele, akawa mjakazi wa malkia. Malkia alijichukulia Kamanthe mwenyewe. Walikuwa wamefika katikati ya tamthilia, mwezi Machi, mshipa ulipompasuka kichwani, akiwa langoni mwa shule na daftari za wanafunzi mikononi. Alizikwa Kithimani, nyumbani kwa kina Ngui.

Muhula wa pili Ngui alipewa darasa lake. Ni Mutunga aliyeuliza, kwa adabu, malkia sasa atasomwa na nani. Ngui hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alijibu kwamba hatasomwa na mtu. Kila watakapofika kwenye maneno yake watanyamaza na kuyafuata kwa macho mpaka yaishe, na yeye mwenyewe atatazama saa ili kimya kiwe na urefu unaostahili. Aliona kwamba ni heshima. Wanafunzi wawili walilia, naye akachukulia kwamba wameona vivyo hivyo.

Jumatano hiyo alikuwa amesimama nyuma ya darasa. Vitabu vilikuwa kumi na vitatu, kila kimoja kikitumiwa na wanafunzi watatu. Walipofika mwisho wa ukurasa vidole vikasogea na kurasa zikageuzwa zote karibu kwa pamoja. Kimya kikarudi. Halafu ukurasa mmoja zaidi ukageuzwa, taratibu, mbele kabisa, kwenye kiti cha mwalimu. Kiti kilikuwa kitupu.

Ngui alidhani ni upepo, akatazama madirisha. Yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi.

Jioni alimwita Mutunga ofisini. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua mbinu iliyotumika.

"Nani anageuza karatasi?"

Mutunga alitazama viatu vyake. "Mwalimu, sisi tulifikiri ni wewe."

"Mimi nilikuwa nyuma."

"Ndiyo. Hata hiyo tuliongea." Akashusha sauti. "Na si ya leo tu. Ilianza wiki jana. Sasa wengine wanasema mwalimu anatupima, aone nani ataogopa. Mimi nikasema wacha nichekeshe watu kidogo."

Ngui hakumwamini. Siku iliyofuata aliwapangua, akawatenganisha marafiki, akamweka Mutunga mlangoni. Akakiondoa kiti cha mwalimu na kukiacha kwenye varanda. Ilipofika zamu ya malkia aliwatazama mikono mmoja mmoja, na hakuna mkono uliosogea kabla ya wakati, na bado ukurasa wa mwisho uligeuzwa mahali ambapo kiti kilikuwa, na safari hii ikaja harufu pia: mafuta ya mkaratusi, yale ambayo Kamanthe alijipaka kifuani kila msimu wa baridi, na chini yake harufu nyingine, nyembamba, kama nywele zilizoguswa na moto.

Wanafunzi walianza kumtazama kwa pembe za macho. Naye aliwatazama hivyo hivyo. Katika chumba cha walimu alijikuta anahesabu nani amewahi kuwa karibu na Kamanthe kiasi cha kujua mafuta yake. Alimshuku hata mwalimu wa hesabu.

Jumatatu, katikati ya kimya, malkia alisema.

Ilikuwa sauti ya Kamanthe. Haikufanana nayo tu, ilikuwa yenyewe, na ule mkwaruzo mdogo wa asubuhi, na jinsi alivyolibeba neno la mwisho la sentensi kama mtu anayeweka chungu chini asikivunje. Ilitoka kwa Ndila. Msichana alikuwa amekaa wima, kitabu kimefungwa mbele yake, macho yameelekezwa ubaoni, na mdomo wake ulisoma maneno ya malkia yote, mistari thelathini, bila kukosea hata mmoja.

Alipomaliza alipepesa macho na kumwuliza jirani yake wamefika ukurasa upi.

Ngui alipaswa kukomesha jambo hilo hapo. Alilijua hilo wakati uleule, na baadaye hakujidanganya kwamba hakulijua. Badala yake aliwaambia wanafunzi wafungue mwanzo wa tamthilia, kwa marudio, kwa kuwa malkia ana maneno mengi zaidi mwanzoni. Wakarudia mwanzo Jumanne. Wakaurudia Jumatano. Alimwomba mwalimu wa dini amwachie kipindi chake. Alisimama nyuma ya darasa, mgongo ukutani, macho yamefumbwa, akisikiliza, na hakuna aliyecheka tena mjumbe aliposoma, kwa sababu Mutunga sasa alisoma haraka na kukaa chini, kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua.

Alhamisi mchana Kasiva alimngoja nje ya darasa. Alikuwa mlezi wa bweni la wasichana, mjane kutoka Mwala aliyekaribia kustaafu, na Ngui, kama walimu wote, alimwita mwaitu, mama.

"Mwalimu, huyu mtoto Ndila unamfanyia nini?"

"Kwa nini unaniuliza mimi, mwaitu?"

"Kwa sababu akitoka kwako ndiyo anakuwa hivyo. Siku nne hajakula. Muthokoi inarudi vile nilipakua. Maji anakunywa, anatapika. Nimempima kwa mzani wa zahanati, amepungua kilo sita. Kwa siku nne, mwalimu. Na sauti yake imepotea. Akitaka kitu ananiandikia kwa karatasi."

Ngui alisema kwamba darasani Ndila anasoma vizuri.

"Kwa sauti gani?"

Ngui alitazama mlango wa darasa. Kasiva alimsogelea.

"Watoto wameniambia," alisema kwa sauti ya chini. "Nilingoja uniambie wewe. Sasa sikia. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nilizaliwa kwa watu wa mila. Nyanya yangu alikuwa anamwagia aimu pombe kidogo, wale wazee wetu waliokufa. Alikuwa anamwaga wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani, karibu na mlango wake, na anawaita majina. Hakuna siku alienda kumwaga njiani. Ukiweka chakula ya marehemu njiani, unajua nani atakula? Wewe uliweka sehemu ya mke wako hapa, kwa shule, mahali mia sita wanapita na kila mmoja na mambo yake. Ukaiweka kila siku, kwa kutazama saa. Ukaita na hukusema jina. Kitu yoyote yenye njaa ingekuja."

"Ni sauti yake, mwaitu."

"Hata kasuku iko na sauti ya mwenyewe."

Ngui alikuwa amesomea chuo kikuu na aliheshimu majaribio. Aliomba aruhusiwe kuiuliza sauti ile swali moja. Kasiva alisema swali moja, na yeye atakuwepo.

Walimkuta Ndila kwenye chumba cha wagonjwa, amefunikwa blanketi mchana huo wa jua kali. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Ngui alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha pili. Akatoa kitabu, akasoma mstari wa mfalme unaomtangulia malkia, kisha akanyamaza, kama alivyofanya darasani.

Harufu ya mkaratusi ilijaza chumba.

"Ngui," ilisema sauti ya Kamanthe. "Umechoka."

Ngui aliweka kitabu kitandani. "Nilichelewa kufika hospitali," alisema. "Nilikuwa nasahihisha mitihani. Niliambiwa saa nne, nikasema nimalize hizi zilizobaki. Ulikuwa na muuguzi peke yake. Ulimwambia nini?"

Kasiva aligeuza kichwa kumtazama. Hilo la mitihani Ngui hakuwa amelisema kwa mtu yeyote, hata kwa kasisi.

"Nilimwambia akwambie nimekusamehe," ilisema sauti, na ilikuwa laini sana, laini kuliko Kamanthe alivyopata kuwa katika miaka kumi na tisa ya ndoa. "Nilisema, mwambie Ngui asilie. Nilimsamehe kabla hajafika."

Muuguzi yule alikuwa amemtafuta Ngui siku ya mazishi na kumweleza kila kitu, kwa sababu Ngui alisisitiza aelezwe. Kamanthe hakusema neno. Tangu alipoanguka langoni ulimi wake ulikuwa umekufa, na kwa saa tano alizoishi baada ya hapo alitazama mlango tu.

"Wewe si yeye," alisema.

Uso wa Ndila haukubadilika. Ila kitu fulani nyuma ya uso huo kililegea, kama mtu anayeacha kujibana tumbo baada ya wageni kuondoka, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda mpaka Kasiva akajifunika pua kwa leso.

"Si yeye," sauti ilikubali, ikiwa bado sauti ya Kamanthe. "Lakini kesho utaniachia nafasi yangu. Sauti hii utaisikia wapi tena?"

Halafu damu ikamtoka Ndila puani, nyembamba, mfululizo, na Kasiva akampiga Ngui begani kwa ngumi.

"Huyu hatafika Jumapili. Umeona kwa macho. Umesikia kwa masikio."

"Aitwe mganga," Ngui alisema. "Au kasisi. Nitamlipa yeyote."

"Mganga hakuweka hii chakula. Aliyeweka ndiye anaondoa. Utaila wewe mwenyewe. Kesho, mbele ya wote, useme sehemu ni ya nani, uisome kwa mdomo wako. Yote. Isibaki neno, na usisimame katikati, ukisimama ni kama umemkaribisha tena." Alikuwa anamfuta msichana damu bila kumtazama Ngui. "Na ukimaliza, hiyo sauti umeimaliza. Najua. Mimi wangu nimezika miaka kumi na mbili. Hata mimi ningeambiwa nichague, ningefikiria kwanza. Lakini huyu ni mtoto wa mtu, mwalimu."

Asubuhi ya pili yake Ngui aliingia darasani saa mbili kamili. Alikuwa amenyoa ndevu. Kasiva alimleta Ndila akimshika kiuno, akamkalisha dawati la mbele, akasimama nyuma yake. Ngui aliandika ubaoni majina ya sehemu zote na ya wasomaji wake, na mbele ya malkia akaandika jina lake mwenyewe. Hakueleza kitu. Alisema tu kwamba wataendelea pale mwalimu Kamanthe alipoachia, na kwamba watasoma mpaka mwisho.

Mutunga alisoma mjumbe. Alisoma vizuri, kama mtu aliyetembea siku tatu.

Ngui alianza kusoma malkia. Hakuwa msomaji mzuri. Sauti yake ilikuwa bapa na alikimbilia nukta. Kabla hajamaliza mstari wa pili mdomo wa Ndila ulifunguka na sauti ya Kamanthe ikaanza kusoma maneno yaleyale pamoja naye, kwa uzuri, ikimtangulia kwa neno moja, kisha kwa mawili, na alipopaza sauti nayo ilipaza, na darasa likashikilia madawati, na mtu fulani nyuma akaanza kusali kwa Kikamba, na Ngui akasoma, akageuza ukurasa na kusoma, hakumtazama msichana wala kumtazama Kasiva aliyemshika mabega, akasoma huku sauti ile ikimwita jina, ikimwomba, ikilia kilio ambacho alikuwa amekisikia mara mbili tu maishani nyuma ya mlango wa chumba chao cha kulala, akasoma bila kuvuta pumzi mahali pa kuvuta pumzi, mpaka akagundua kwamba kwa mistari kadhaa alikuwa anasoma peke yake.

Ilifika zamu ya mjakazi. Hakuna aliyesogea.

"Bibi yangu," alisema Ndila kwa sauti iliyokwaruzwa, ndogo, ya msichana wa miaka kumi na sita, kidole chake kikifuata mstari, "walinzi wanauliza kama wafunge lango."

Kasiva alikaa chini sakafuni.

Palibaki ukurasa mmoja wa malkia. Ngui aliuanza. Darasa lilikuwa kimya na Ndila alikuwa ameinamia kitabu, mdomo umefungwa. Ngui alipofika katikati ya ukurasa, karibu na sikio lake la kushoto, ambako hapakuwa na mtu, kitu kilisema kwa upole wenye kero kidogo, "Polepole, Ngui." Hapakuwa na harufu yoyote. Hivyo ndivyo Kamanthe alivyokuwa akimwambia kila alipomsomea magazeti jikoni, akikimbilia nukta, na kile kilichokuwa ndani ya Ndila hakikuwahi hata mara moja kumkosoa.

Ndila aliinua macho kumtazama, akingoja.

Ngui, aliyekatazwa kusimama, aliweka kidole kwenye mstari asije akaupoteza, akaongeza kasi, akasoma mpaka neno la mwisho.