Hesabu kwa Kisukuma

Kila siku ilipofika saa kumi jioni, nilifagia kibaraza chetu, nikapanga mabenchi matano na kufuta ubao. Dada yangu Mariana alikuwa akifundisha tuisheni hapo nyumbani kwetu Kagongwa. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu miaka miwili iliyopita, akaomba ajira, akasubiri, na alipochoka kusubiri akaanzisha darasa lake mwenyewe.

Alijua kujitangaza dada yangu. Alichapisha vipeperushi stesheneri vyenye maandishi makubwa: MWALIMU MARIANA, TUISHENI YA KIINGEREZA NA HESABU, MTOTO WAKO ATANG'ARA. Aliweka picha yake kwenye simu ili kila mwenye namba yake aione. Alimwomba katibu wa kanisa amtangaze Jumapili baada ya ibada. Wanafunzi wakaja, mmoja mmoja, mpaka wakafika ishirini na wanne. Mimi Mbuke, wa darasa la sita, nilitembea shuleni kifua mbele kana kwamba tuisheni ni yangu.

Kisha akaja Mwalimu Masele. Alitoka Geita, akaomba ghala tupu nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, akaanza kufundisha hesabu. Hakuwa na kipeperushi. Hata kibao mlangoni hakuwa nacho. Lakini haukupita mwezi, watoto wa kwetu wakaanza kuhamia kwake. Leo wawili, kesho mmoja, keshokutwa ndugu watatu kwa mpigo. Nikawa nafuta vumbi kwenye mabenchi ambayo hakuna aliyeyakalia.

Nilivumilia mpaka alipohama Noela. Noela alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Alikuja kuaga kwa adabu, akasema mama yake ndiye aliyeamua. Wiki iliyofuata akapata alama themanini na nane kwenye jaribio la hesabu, mimi nikapata arobaini na moja. Nilimpongeza kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa nawaka wivu, kwa ajili ya dada na kwa ajili yangu mwenyewe, na sikuweza hata kumtazama Noela akicheka bila kudhani ananicheka mimi.

Jioni moja nilimsikia dada akiongea na mama jikoni. Alisema wamebaki wanafunzi tisa, na kwamba haelewi anakosea wapi. Mjomba wetu wa Runzewe alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia dukani. Kama mwezi ungeisha bila wanafunzi kuongezeka, angefunga tuisheni na kwenda huko. Mimi nilijifunika khanga usoni nikalia kimyakimya. Dada ndiye aliyenisuka, ndiye niliyelala naye kitanda kimoja, na sasa Masele alikuwa anamfukuza bila hata kumgusa.

Kesho yake nilikwenda kuchungulia. Bati la ghala lilikuwa na ufa, nikaweka jicho. Ndani walijaa hadi wengine walikaa juu ya magunia. Masele alikuwa na mbegu za pamba mkononi, na alikuwa anafundisha sehemu. Lakini alikuwa anazungumza Kisukuma. Kisukuma kile kile cha nyumbani, cha machungani! Aliwaambia mzee ana ng'ombe kumi na wanane, kawagawa katika mazizi matatu sawasawa, kisha kachukua mazizi mawili akalipe mahari. Hiyo ndiyo theluthi mbili. Kisha akarudia kwa Kiswahili na kuandika ubaoni. Watoto walihesabu mbegu, wakajibu kwa pamoja.

Niliondoka nimefurahi. Nimemkamata, nilijiambia. Shuleni kwetu aliyeongea Kisukuma darasani alichekwa siku nzima, na wazazi wa mjini hapa walitaka watoto wao waongee Kiingereza kama wa shule za kulipia. Wakijua tu, watawatoa watoto wao mbio.

Chini ya kitanda kulikuwa na vipeperushi vya dada vilivyobaki. Nilichukua kumi na viwili, nikaandika upande wa nyuma kwa kalamu ya wino mzito: WAZAZI TAHADHARI. TUISHENI YA MASELE NYUMA YA MASHINE YA MPUNGA WANAFUNDISHA HESABU KWA KISUKUMA. Siku ya gulio niliamka mapema, nikavibandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo kwenye nguzo na kuta za vibanda. Hakuna aliyeniona.

Siku tatu baadaye Noela aliniambia, macho yakimng'aa, kwamba ghalani sasa hakuna pa kuweka mguu. Wamekuja watoto wa wafugaji, wamekuja watoto waliohamia juzi kutoka Kishapu, wamekuja hata wa wenye maduka. Kila mzazi anauliza kama ni hapa wanapofundisha hesabu kwa Kisukuma. Kwetu walikuwa wamebaki sita.

Siku hiyohiyo jioni bibi mmoja aliingia uani akiwa amemshika mkono mjukuu wake wa miaka tisa hivi. Tuliamkiana. Akamsalimu dada kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," kisha akaeleza shida yake. Mjukuu alikuwa ametoka kijijini, Kiswahili chake bado kizito, na darasani anakaa tu kama mgeni msibani. Bibi alisikia gulioni kuna mwalimu anayeanza na Kisukuma. Karatasi ilikuwa imebanduka kwenye nguzo baada ya uji kukauka kwa jua, akaiokota. Yeye hajui kusoma, lakini mtu alimsomea jina la Mariana na kumwelekeza hapa.

Dada aliipokea karatasi. Alisoma upande wa jina lake, akageuza, akasoma upande wangu. Kisha akanitazama. Dada ndiye aliyenifundisha kuandika, hakuhitaji kuniuliza mwandiko ule ni wa nani.

"Bibi," alisema taratibu, "huyo mwalimu siyo mimi. Lakini tutakupeleka kwake sasa hivi, mimi na mdogo wangu."

Njia nzima alitembea mbele na bibi, na mimi nyuma yao niliomba ardhi ipasuke nizame. Tulimkuta Mwalimu Masele anafunga ghala. Alimpokea bibi na mjukuu vizuri, akawaambia waje kesho. Walipoondoka, dada alimpa ile karatasi. Masele alitikisa kichwa, akatoa nyingine tatu za namna hiyo kwenye begi lake.

"Ninazo, mwalimu," alimwambia dada. "Nilipoona jina lako upande wa pili, niliumia. Nilijiuliza nimekukosea nini, maana hata kusalimiana vizuri hatujawahi."

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Nilitaka kumchafua Masele, kumbe nimemchafua dada yangu. Mtu anayesubiri ajira ya ualimu, mji mzima unasoma kwamba anamsema mwenzake nguzoni.

"Shikamoo, mwalimu," nilisema. "Siyo dada. Ni mimi niliyeandika. Nilikuwa na wivu."

Masele hakunigombeza. Aliuliza nilijuaje kwamba anafundisha kwa Kisukuma. Nikasema nilichungulia kwenye ufa.

"Siku hiyo nilikuwa nafundisha nini?"

"Theluthi mbili ya ng'ombe kumi na wanane."

"Ni wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Na kabla ya kuchungulia, ulikuwa unaweza kuipata?"

Sehemu zilikuwa zimenishinda tangu darasa la tano. "Hapana, mwalimu," nilisema.

Dada aliomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. Alimwomba Masele amruhusu akae nyuma ya darasa siku mbili tatu aone anavyofundisha. Masele akacheka, akasema na yeye alikuwa na ombi lake, ila aliogopa kulileta kwa mtu aliyedhani anamchukia. Watoto wa darasa la saba walikuwa wanamwomba awaandae kwa Kiingereza cha kidato cha kwanza, naye Kiingereza chake ni cha kuombea maji tu. Tena ghala limejaa mno. Mimi niliambiwa nisubiri nje, wao wakakaa kwenye magunia wakapanga.

Adhabu zangu zilikuwa mbili. Kwanza, kubandua karatasi zote zilizobaki gulioni, mchana, watu wakiniona. Pili, kusimama mbele ya wanafunzi wa Masele na kueleza nani aliziandika na kwa nini. Ya pili ndiyo iliyoniuma, kwa sababu Noela alikaa benchi la mbele. Nilisema yote. Noela hakucheka. Nilipomaliza alisogea, akanipisha nikae karibu yake.

Tangu wiki ile, hesabu zikawa ghalani Jumatatu na Jumatano, Kiingereza kikawa kibarazani kwetu Jumanne na Alhamisi, kwa wanafunzi walewale. Dada aliandika vipeperushi vipya vyenye majina mawili, na safari hii aliongeza kwamba anayeanza na Kisukuma anakaribishwa. Yeye mwenyewe alianza kueleza maneno ya Kiingereza kwa mifano ya mpunga, pamba na ng'ombe. Mwezi ulipoisha, wanafunzi thelathini na mmoja walikuja kibarazani, wengine wakakaa kwenye ngazi. Dada alimpigia mjomba simu kumwambia atafute mtu mwingine.

Jioni ile tuliinua mabenchi pamoja. Dada hakuwa amenigombeza hata mara moja tangu siku ya bibi, nami nilianza kudhani amesahau. Alikaa kwenye benchi la mwisho, akaniita nikae.

"Mbuke, nataka nikuulize. Wivu ulikupeleka mpaka kwenye ule ufa. Ukaona kwa nini wanafunzi wananikimbia. Ukaelewa hata wewe mwenyewe. Si ndiyo?"

"Ndiyo, dada."

"Mimi nilikuwa silali nikijiuliza nakosea wapi. Jibu ulikuwa nalo wewe, kitandani pembeni yangu. Ukaenda kulibandika kwenye nguzo kama aibu ya mwenzetu." Alinishika mkono. "Kumwonea mtu wivu kunampata kila mtu, hata mimi nilimwonea Masele. Lakini ukiona mwenzako amekuzidi, muulize anafanyaje, kisha uje nyumbani useme ulichojifunza. Nilikuwa naondoka, mdogo wangu, na wewe ulijua cha kunibakiza, ukanyamaza."

Niliinamisha kichwa begani kwake nikalia, naye akaniacha nilie mpaka nikamaliza.