Uvimbe Uliokuwa Ukidunda

Mtaani walimwita Dokta, lakini hakuwa daktari. Alikuwa mtunza vifaa wa chumba cha upasuaji. Alisafisha mikasi, visu na koleo, akavitia kwenye mashine ya mvuke kuua vijidudu, akavipanga mezani na kumkabidhi daktari kila alichotaka. Kabla mgonjwa hajashonwa, alihesabu vitambaa vyote vya kufyonzea damu, kimoja kimoja, ili kisije kikasahaulika tumboni mwa mtu.

Mwanzoni aliwaambia majirani, "Jamani, mimi si daktari."

"Sawa, Dokta," walimjibu, wakacheka. Akachoka kuwasahihisha. Mwishowe akawa anaitika tu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mshahara wa mume na kazi ya mke ndivyo vilivyoiendesha nyumba yao. Mimba ilipofika miezi sita, mke akaanza kutokwa na damu. Hospitali walimwambia apumzike, asirudi kwenye cherehani mpaka ajifungue.

Cherehani ikafunikwa shuka. Wateja wakahamia kwa mafundi wengine. Dokta akaanza kutembea na mawazo. Ukimsalimia, alikuitikia umeshampita. Mezani alimega tonge akalishika mpaka likapoa.

"Unawaza nini, baba?" mkewe alimwuliza.

"Siwazi kitu."

Siku moja jirani yao mchomeleaji wa mageti alimfuata nyumbani. Alikuwa akichechemea. Akapandisha kaptula na kumwonyesha uvimbe ndani ya paja, mkubwa kama limau.

"Ulianzaje huo?" Dokta aliuliza.

"Nilikuwa nakata chuma, kipande cha diski kikaruka kikanichoma. Kidonda kilishafunga kitambo. Sasa limetokea jipu hili. Nipasulie, Dokta. Nitakulipa vizuri."

"Nenda hospitali."

"Nishinde foleni kutwa nzima kwa ajili ya jipu? Wewe kila siku uko nao mle ndani. Unashindwa nini?"

Ni kweli, alikuwa ameona majipu mengi yakipasuliwa. Akageuka kuutazama mlango wa chumba alimolala mkewe.

"Njoo Jumamosi," alisema. "Saa nne asubuhi."

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Kazini alichukua kisu kimoja kidogo, akakitia mfukoni. Mfuko ukawa kama una kaa la moto. Wakati wa kuhesabu vitambaa alitaja kumi na tisa mara mbili. Muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, ambaye wote walimwita Sista, alimtazama juu ya barakoa yake.

"Leo akili umeiacha wapi?"

"Nipo, Sista."

"Hupo. Anza upya."

Akaanza upya kutoka moja.

Jumamosi asubuhi mkewe alikiona kisu juu ya meza.

"Hicho cha nini? Leo si siku yako ya zamu."

Dokta akamweleza. Mke akajiinua kitandani, akaegemea ukuta.

"Na damu ikikataa kukoma, utamwita nani?"

"Ni jipu tu, mama."

"Nimekuuliza utamwita nani."

Hodi ikapigwa mlangoni.

Mchomeleaji alijilaza kwenye benchi la sebuleni, akafumba macho. Dokta alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavaa glovu. Akaweka vidole juu ya uvimbe kutafuta mahali palipolainika zaidi.

Uvimbe ukadunda chini ya vidole vyake.

Akauondoa mkono haraka. Labda ni moyo wangu mwenyewe, aliwaza, maana ulikuwa ukimwenda mbio. Akarudisha mkono mmoja kwenye uvimbe, na wa pili akaweka shingoni mwake. Shingo yake ilikwenda mbio. Uvimbe ulidunda polepole, kwa mwendo wake wenyewe, mwendo wa yule aliyelala. Jipu halidundi.

"Vipi, Dokta? Kata niende zangu!"

"Usiuguse!" Sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Tulia hapo hapo. Hili si jipu. Nadhani ni mshipa mkubwa wa damu uliotoboka, damu ikajikusanya ndani. Ningekata, ungefia juu ya benchi hili."

Mchomeleaji alifumbua macho. "Una uhakika?"

"Mimi si daktari, ndugu yangu. Ndiyo maana tunakwenda kwa madaktari, sasa hivi."

Safari hii mchomeleaji hakucheka. Dokta akakitia kisu mfukoni, wakakodi gari mpaka hospitali. Picha zilipopigwa, ukaonekana mshipa mkubwa wa paja umetoboka kweli. Alifanyiwa upasuaji siku hiyo hiyo. Dokta alikaa nje kwenye benchi, mikono katikati ya magoti, mpaka Sista alipotoka.

"Amepona," alisema Sista. "Umemwahi."

Dokta akatoa kisu mfukoni, akakiweka mkononi mwa Sista. Akamweleza yote bila kuficha. Sista akakifunga kisu kwenye kitambaa.

"Unajua ningeweza kukufukuzisha kazi?"

"Najua."

"Nitakuandikia barua ya onyo, na utaisaini. Haya, nyumbani kuna nini?"

Akamweleza habari za mkewe na cherehani iliyofunikwa. Sista akaketi kando yake.

"Kutafuta kazi ya ziada si kosa. Kosa ni kuuza ujuzi usiokuwa wako. Kukata watu si kazi yako. Kazi yako ni ipi?"

"Kusafisha vifaa."

"Basi hiyo ndiyo ya kuuza. Kinyozi wako anasafishaje mashine yake?"

Dokta akafikiri kidogo. "Anaipuliza."

"Anaipuliza!" Sista akacheka mpaka akafuta machozi. "Mtaa mzima unanyolewa kwa pumzi! Wafundishe vinyozi na wasusi. Lakini sikiliza. Kwanza omba kibali cha mwajiri, kwa maandishi. Mwone pia afisa wa afya, ajue unafundisha nini. Hapa usichukue kitu tena, hata pamba. Na siku ya zamu usijichoshe kwingine. Mtu aliyechoka hukosea hesabu, na wewe hesabu yako ni uhai wa mtu."

Kibali kilichukua wiki tatu. Dokta alikingoja roho juu. Kilipotoka, kinyozi wa kwanza akamfukuza.

"Miaka kumi na tano nanyoa, nani amekufa?"

"Homa ya ini haiui siku hiyo hiyo," Dokta alimjibu. "Inakaa kwenye tone la damu ambalo hata hulioni. Mteja anaondoka nayo, wala hajui kaipata wapi."

Kinyozi akarudi kwenye kazi yake. Kesho yake alimwita mwenyewe, akawaalika na wenzake. Wakachangishana wakamlipa. Dokta akawaonyesha hatua kwa hatua: wembe mpya kwa kila mteja, na uliotumika unatupwa kwenye kopo gumu lenye mfuniko. Mikasi isuguliwe kwanza kwa sabuni na brashi, maana uchafu huficha vijidudu, kisha ichemshwe dakika ishirini. Mashine izimwe, ipigwe brashi, meno yake yafutwe kwa dawa.

Wasusi wakasikia, nao wakamwita. Kisha zahanati ndogo ikamwomba afundishe wafanyakazi wake kufungasha vifaa kabla ya kuvitia kwenye mashine ya mvuke. Nyumbani chakula kikapatikana, na mke akapumzika bila kujilaumu. Mtoto wa kike akazaliwa salama.

Mtoto alipokuwa na wiki tatu, Dokta alikwenda kunyoa kwa yule kinyozi. Akakuta foleni, akaketi. Mteja aliyekuwa kitini akageuza kichwa ghafla, mashine ikamkwaruza sikio. Damu ikatoka kidogo.

Kinyozi akazima mashine, akaitenga pembeni. Akampa mteja pamba safi ajibane sikio, akanawa mikono kwa sabuni, akafungua droo kuchukua mashine nyingine.

"Kwani hiyo imeharibika?" mteja alilalamika. "Futa tu kwa kitambaa tuendelee, nina haraka."

"Haiendelei mpaka isafishwe," alisema kinyozi. "Kama una haraka, kuna anayepuliza kule kona ya pili."

Mteja akawatazama waliokuwa kwenye foleni. Hakuna aliyeinuka. Akajiweka sawa kitini, akainamisha kichwa.