Jicho Alilofumba Swichi

Duka la vitambaa lilikuwa limefurika watu, kila mmoja anavuta jora lake, taa zikazimika. Akaitwa fundi umeme, akaja na ngazi. Katika wote waliosimama pale, macho yake yakatua kwa msichana mshonaji mwenye gauni la kijani, pini zimemjaa kifuani.

"Dada, nishikie ngazi."

"Mimi mtumishi wako?"

"Nikianguka nitakuangukia wewe. Chagua."

Akacheka, akaishika. Taa zilipowaka walikutwa bado wanatazamana. Tangu siku hiyo fundi akamwita Pini, naye Pini akamwita Swichi, na simu zao hazikupoa.

Ila Pini alikuwa na wivu, jamani, wivu wa kumnyima mtu usingizi. Siku moja walikaa kunywa chai. Muuza chai, mwanamke mzuri mwenye kilemba cha njano, alipoleta vikombe, Swichi akamtazama, akafumba jicho moja.

"Umemkonyeza!"

"Nani, mimi? Jicho linaniwasha tu, mpenzi."

"Linawashwa na vilemba?"

Wiki nzima jicho lile likawa linafumbwa, na wiki nzima chakula hakikumpita Pini kooni. Halafu likaacha lenyewe. Pini akasamehe, lakini kusahau, hata kidogo.

Miezi ikapita. Swichi akaanza kuangusha bisibisi. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na yeye akaficha. Nani atakubali kuolewa na fundi umeme asiyeuhisi waya mkononi mwake? Akaenda hospitali kimyakimya.

Jioni moja Swichi akiwa anaoga, simu yake ikalia. Pini akapokea, akanyamaza asikilize. Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini kama mafuta.

"Kaka, kesho asubuhi usichelewe. Na uvue kila kitu: saa, mkanda, mkufu. Sitaki kuona chuma mwilini mwako."

Pini akakata simu. Mkufu! Mkufu aliomnunulia yeye!

Asubuhi akamfuata kwa nyuma hadi hospitali. Akamwona Swichi akimkabidhi mkufu mwanamke mwembamba aliyevaa sare ya bluu, kisha Swichi akaingia chumbani. Pini akaukimbilia mlango.

"Simama hapo!" Yule mwanamke akauziba mlango kwa mwili wake wote.

"Kumbe ni wewe unayewavua wanaume wa watu mikufu?"

"Dada, una pini kifuani. Humu kuna mashine ya kupiga picha ya ubongo, na ni sumaku kubwa. Itazivuta zimrukie usoni. Unampenda au humpendi?"

Pini akajitazama kifua. Akarudi nyuma, akapewa mkufu autunze.

Swichi alipotoka alimkuta kwenye benchi, mkufu umefumbatwa kiganjani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utakwenda zako."

"Niende wapi, na ngazi nimeishika mimi?"

Siku ya majibu waliingia pamoja. Daktari, mama wa makamo, akafungua picha kwenye kompyuta.

"Mnaona madoa haya meupe? Si uvimbe, hilo litoeni moyoni. Lakini picha peke yake haisemi yote, maana madoa huletwa na mambo mengi. Ndiyo maana nauliza: kabla ya mkono, macho yaliwahi kukusumbua?"

"Sikumbuki, daktari."

"Mimi nakumbuka!" Pini akaruka. "Mvua zilipoanza, jicho la kushoto! Wiki nzima alikuwa anamkonyeza muuza chai!"

Daktari akamgeukia Swichi. "Sema kweli, bwana. Ulimkonyeza?"

Swichi akainama. "Nilikuwa namwona kama watu wawili. Nikifumba jicho, anabaki mmoja. Nikadhani ni uchovu."

Pini akakosa pa kuuweka uso wake.

"Usione haya, mwanangu," daktari akasema. "Wivu wako umenisaidia. Macho wakati ule, mkono sasa, na madoa haya, vyote vinaelekea kwenye ugonjwa mmoja. Kinga ya mwili inakosea, inakula ganda la mishipa ya fahamu."

"Kama waya uliochunika," Swichi akasema polepole. "Umeme upo, ila haufiki sawasawa."

"Ndivyo. Tutapima damu na maji ya uti wa mgongo tuwe na hakika. Ukiwa ndio wenyewe, hauishi kabisa, ila dawa za kuupunguza kasi zipo, na kuziwahi ni bora."

Nje, Swichi akatoa mfukoni kipande cha waya wa shaba, akajaribu kukikunja kiwe pete. Vidole vikagoma. Pini akakichukua, akakikunja mwenyewe, taratibu, kama anayemalizia pindo.

"Pini, utanikubali hivi nilivyo? Na siku nikianza tena kuona watu wawili wawili?"

"Utafumba jicho moja," akasema, akijivisha pete. "Ila mbele ya yule muuza chai, fumba yote mawili."