Kadi ya Watu Wasio na Shangazi

"Inatangazwa kwa wafanyakazi wote wa Kampuni ya Magari ya Corvane, kiwanda cha Hamtramck, kwamba kadi ya mkopo yenye nembo ya kampuni inapatikana leo mlangoni mwa bwalo. Kila atakayejaza ombi atapewa kikwangulio cha barafu ya vioo vya gari bila malipo."

Tangazo lilisomwa mara mbili, kwa uzito ambao mataifa hutengea misiba ya marais.

Renata Sobczak hakuinua kichwa. Macho yake yalikuwa kwa wanaume wawili.

"Sobczak." Sauti ya mkuu wake wa upelelezi, Odell Maddox, ilikwaruza ndani ya kifaa kilichofichwa sikioni mwake. "King'ora cha zamu kikilia, polisi wanamkamata mhandisi Tate. Pasi yake ndiyo iliyofungua maabara."

"Iliibwa."

"Nipe jina la mwizi."

"Ninayo mawili."

"Nataka moja."

Mchoro wa betri mpya ulikuwa umenakiliwa. Mnunuzi alikuwa akiusubiri ng'ambo ya mto, Kanada. Imogene Tate, aliyeubuni, alikuwa amekaa ofisini akisubiri pingu.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa Ambrose Kuzniar, mchomeleaji wa vyuma, mzee mwenye hasira ya kudumu na mazoea ya kupiga simu chooni. Wa pili alikuwa Wendell Stroud, kipenzi cha bwalo zima. Babu yake, baba yake, wajomba zake, wote walijenga Corvane. Hivyo ndivyo alivyosema, tena kila siku.

Renata alichukua sinia na kadi ya mfano iliyokuwa mezani pa maombi, akaketi kati yao.

Wendell alikuwa amekwisha kujaza ombi. Kikwangulio chake kilikuwa mapajani.

"Asilimia tano ya kila unachonunua inageuka pointi, mzee Ambrose. Mafuta, nyama, hata kinyozi."

"Pointi za kununulia nini?"

"Corvane mpya."

"Na riba?"

"Riba ni ya wasiolipa kwa wakati."

"Yaani mimi," Ambrose alisema, akauma mkate wake wa soseji. "Na wewe, dada? Unachukua?"

"Bado napima," Renata alisema. "Riba ikizidi pointi, utakuwa umejinunulia deni lenye nembo nzuri."

"Usipime sana, dada yangu," Wendell alisema. "Mimi nanunua mwezi Machi. Mjomba ananipa bei ya jamaa, halafu pointi zinaishusha tena. Napunguziwa mara mbili."



Ambrose aliweka mkate chini.

"Kijana, huyo babu yako alikufa bila kukusemesha?"

Katika mitaa ile mtoto huijua bei ya jamaa, punguzo la ndugu wa wafanyakazi, kabla hajazijua sala. Kila mfanyakazi hupewa nafasi chache kwa mwaka, na shangazi mwenye nafasi iliyobaki hupelekewa soseji tangu Novemba. Tena kila mtoto anajua kwamba bei ile haiunganishwi na pointi. Ukichukua moja, umeiacha nyingine.

Kadi ile ilikuwa ya watu wasio na shangazi.

Wendell alicheka kwa kuchelewa kidogo, akaaga.

"Maddox. Ni Stroud."

"Ushahidi?"

"Hana shangazi."

"Rudia."

Renata alikuwa amekwisha kusimama.

Walinzi wa lango walimpekua Wendell mifuko, begi, hata soksi. Kikwangulio hawakukigusa. Siku hiyo nusu ya kiwanda ilikuwa ikitoka nacho.

Aligeuka, akamwona Renata. Akakimbia.

Gari lake liliruka kuelekea handaki la chini ya mto, la kwenda Kanada. Kioo cha mbele kilikuwa kimefunikwa na barafu. Wendell aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, theluji ikimpiga machoni.

Renata alimfuata, akijiuliza jambo moja.

Kwa nini mtu mwenye kikwangulio aendeshe kama kipofu?

Kwenye kona ya pili Wendell alijibamiza katika rundo la theluji. Renata alifungua mlango, bastola ya Glock mkononi.

"Toka taratibu."

"Dada, ni kadi tu. Kosa langu nini?"

Renata alikiokota kikwangulio kitini, akazungusha mpini. Ukafunguka. Flashi iliangukia kiganjani mwake, ndogo kama kunde.

"Mwachieni Tate," aliiambia redio.

King'ora cha zamu kililia. Hakuna aliyekamatwa ofisini.

Polisi walipomchukua Wendell, kioo cha gari la Renata nacho kilikuwa kimeganda, na kikwangulio pekee kilikuwa kielelezo cha kesi. Alitoa ile kadi ya mfano, akaanza kukwangua. Ilifanya kazi vizuri sana.

"Sobczak, kuhusu lile ombi lako," Maddox alisema. "Uliuliza kama mtumishi wa siri anaweza kuchukua kadi hiyo kwa jina la bandia."

"Makao makuu wameamua?"

"Wameamua. Hairuhusiwi, wala haikatazwi, mpaka kamati itakapokutana."

"Itakutana lini?"

"Hilo halikuamuliwa."

Renata aliitia kadi mfukoni, akaondoka.