Gundi Bado Mbichi

Fundi viatu aliigeuza karatasi ya kliniki mara ya tatu. Akaisoma tena. Wapi! Kichwa kilimzunguka tu.

Karatasi ilieleza utafiti kuhusu wagonjwa wa kifua kikuu. Katika kila watu mia walioacha dawa katikati, kadhaa waliugua tena.

"Mama watoto, hebu niambie," alimwita mkewe. "Mimi ni wa ngapi kati ya hao mia?"

"Makubwa! Nitajuaje mimi? Labda hata humo."

Hilo likampendeza. Alikuwa amemeza vidonge miezi miwili. Kikohozi kimekwisha, mwili umerudi. Ya nini kujichosha? Akavitupia vidonge kwenye boksi la viatu. Lakini kila alipompakata mjukuu wake mchanga, alijiuliza. Je, kama naye yumo kati ya wale mia? Alichanganyikiwa kwelikweli.

Siku nne baadaye, mhudumu wa afya wa kliniki ile alifuata kiatu chake.

"Kesho, mwanangu," alisema fundi. "Gundi bado mbichi."

"Mbona kimeshika, baba?"

"Kimeshika juu juu. Ukikivaa leo, soli itabanduka njiani. Na kukibandika tena ni kazi ngumu zaidi."

Mhudumu akaviona vidonge ndani ya boksi. Akavuta stuli, akakaa.

"Na dawa, baba?"

"Nimepona, nikaacha. Karatasi yenu nayo siielewi!"

"Iweke pembeni, nikupe kisa. Fundi cherehani mmoja alimeza dawa miezi miwili. Akajiona mzima, akaacha. Vijidudu vilivyobaki kifuani vikazaliana, vikawa sugu. Dawa zile zile hazikuviweza tena. Alitibiwa muda mrefu zaidi, na alikuwa ameshamwambukiza bintiye. Binti huyo ni mimi."

Fundi akakitazama kiatu, akajishika kifua.

"Kumbe humu namo gundi bado mbichi?"

"Naam. Hakuna orodha ya majina, baba. Yeyote anayeacha anajihatarisha. Twende kliniki sasa hivi, daktari aseme uendelee vipi. Na mjukuu apimwe."

Walikwenda. Mtoto alikutwa salama. Fundi alirudia dawa, akazimaliza zote, hata siku alizojisikia mzima kabisa. Kipimo cha mwisho kikaonyesha amepona.

Sasa humpakata mjukuu bila wasiwasi. Juzi mteja mmoja alimharakisha: "Fundi, si kimeshika? Nipe niende!"

"Keti kwanza," alisema fundi. "Nikupe kisa."