Sare za Shangazi Zaingia Mtandaoni

Ndugu wasomaji, kwa heshima na taadhima nawatangazia kwamba familia yetu imeingia rasmi katika zama za teknolojia. Tuliingilia mlango wa jikoni, kwa sababu mtandao hushika vizuri karibu na sinki.

Dada yangu hutengeneza tovuti. Zamani alipeleka mafaili mtandaoni moja moja, kwa mkono, akiyatia alama kwenye karatasi asipoteze hesabu. Wakati huo kupiga chafya kulikuwa kosa la jinai. Hata Mama alimenya vitunguu kwa kunyata.

Asubuhi moja Dada alipeleka tovuti ya Shangazi, mshonaji wa sare za shule. Shangazi akapiga simu.

"Mwanangu, mbona picha hazionekani? Mwalimu mkuu ataangalia saa sita. Asipoona sare, kazi anampa mwingine."

Dada akakagua karatasi. Picha alizitia alama, lakini hakuzipeleka.

"Mama, hapo ndipo uliponiuliza kama nataka chai."

"Haya, nishtaki mimi na birika langu."

Jirani, fundi wa kompyuta, alikuwa amekuja kuomba chumvi. Akacheka.

"Binti, unahamisha nyumba kijiko kwa kijiko. Weka mafaili yote kwenye ghala moja la mtandaoni. Liunganishe na huduma ya kuchapisha tovuti. Ukibadilisha kitu, hifadhi tu. Huduma itachapisha tovuti nzima yenyewe."

"Nikikosea?"

"Unabofya mara moja, toleo la awali linarudi."

Wakaunganisha. Nami, niliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, nikafunguliwa akaunti yangu, nisahihishe maneno. Kufikia saa tano picha zote zilionekana. Mama akapiga chafya tatu, na tovuti haikutikisika.

Saa sita kasoro dakika tano, Shangazi akapiga tena.

"Nani kaandika chini ya picha ya suruali, 'Haichaniki hata ukiruka ukuta wa bweni'?"

Dada akabofya mara moja. Maneno yakafutika. Saa sita mwalimu mkuu akafungua tovuti, akaagiza sare mia mbili.

Kisha Dada akafungua orodha ya mabadiliko. Sikujua kwamba ghala huandika saa na jina la kila aliyebadilisha kitu.

"Bwana mdogo, hili jina la nani?"

"Langu," nikasema. "Lakini sikudanganya wateja. Nimeijaribu mwenyewe, mara nne."

Mama akaweka kisu chini. "Umeijaribu kwenye ukuta gani?"

Wasomaji, mdomo hauna toleo la awali. Nikautaja na ukuta wenyewe: wa bweni letu.